Tundu lisilodondosha mafuta

Gari ya kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, ikikosa umeme hukata papo hapo. Ulikuwa unakwenda, sasa huendi. Ikikosa mafuta haifanyi hivyo. Inalegea kwanza. Unakanyaga, nayo inazidi kuzama. Ukitoa mguu kidogo inapata nafuu, inasogea hatua chache, inashtukashtuka, halafu ndiyo inazima. Anayejua tofauti hiyo ameshajiokoa na gharama za vifaa vya umeme, koili, platini na plagi mpya, ambazo hazikuwa na hatia.

Peugeot 404 aliyoniachia marehemu baba ilianza tabia hiyo ya pili baada ya masika. Mjini hapa Tanga haikuwa na neno. Chumbageni mpaka sokoni Ngamiani, jioni kwenda kupunga upepo Raskazone, inatembea, na kwenye foleni inakaa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, wala haitikisiki. Kasheshe ilikuwa njia ya Amani, anakoishi dada yangu. Ukitoka Muheza bado inajikaza. Ukishapita Zigi na kuanza kupanda zile kona za msituni, gia ya pili, mguu chini, hapo ndipo vitimbi vinapoanza. Inazima, unaweka jiwe nyuma ya tairi, unapiga stata kwa muda, inawaka, mnapanda kona mbili nyingine, inazima tena.

Watu husema gari "inasumbua mlimani" kana kwamba mlima ndio unaotakiwa kutengenezwa. Mlima unakuonyesha kiasi tu. Injini ya kabureta hainyonyi mafuta moja kwa moja kutoka kwenye tangi. Inanyonya kutoka kwenye bakuli dogo lililomo ndani ya kabureta. Bakuli likijaa, boya linapanda na sindano inafunga njia. Likipungua, boya linashuka na pampu inajaza. Kwenye sailensi injini inatumia kidogo, hata pampu inayoletewa mafuta kwa shida inawahi kujaza. Kwenye kilima kirefu matumizi yanazidi kinacholetwa, bakuli linakauka, na habari inaishia hapo. Kwa hiyo gari inayoishiwa nguvu mlimani na kufufuka baada ya stata ndefu imeshakuambia kwamba mafuta yanafika, ila hayafiki ya kutosha. Kilichobaki ni kujua yanakwamia wapi kati ya tangi na bakuli.

Nimefanya kazi ya unesi mpaka nikastaafu, na nimebaki na ugonjwa wa kutaka kipimo kabla ya dawa. Fundi wetu wa Mabawa ni kijana mzuri, mikono yake myepesi, lakini naye ana ugonjwa wake.

"Sista, hapa tufungue kabureta tu."

"Mgosi, kabureta imekosa nini?"

"Si ndiyo inayokula mafuta?"

Kabureta kongwe ikifunguliwa bila sababu hairudi kama ilivyokuwa. Gaskiti inachanika, skrubu ya shaba inalika kichwa, na akitokea mwenye haraka atachokoa jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, kwa waya wa chuma mpaka tundu lipanuke, kisha gari ianze kunywa mafuta kama lori. Jeti hupulizwa kwa upepo. Basi nikamwambia iachwe hivyo hivyo, kwa sababu kipimo chake nilikuwa nimeshakifanya kule kule Zigi: mara tu gari ilipozima nilitoa kifuniko cha hewa, nikasukuma mkono wa resi kwa kidole huku nikichungulia kooni mwa kabureta. Bakuli likiwa na mafuta, panaruka mchirizi mwembamba wa petroli kila unaposukuma. Hapakuruka kitu. Jeti zilizoziba haziwezi kukausha bakuli. Bakuli lilikuwa kavu kwa sababu halikujazwa.

Barazani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mzee mmoja alishikilia kwamba ni joto, mafuta yanachemka ndani ya paipu. Hilo lipo kweli. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 hivi, na chini ya boneti ya gari iliyopanda kilima joto linapita hapo mbali. Madereva wa zamani walifunga kitambaa kibichi juu ya pampu, na wengine wanafanya hivyo mpaka leo. Ila mafuta yakichemka unatakiwa usubiri yapoe, au umwagie maji. Yetu haikutaka kusubiri, ilitaka stata tu. Na ilizima hata asubuhi ya ukungu, tukiwa bado tunavaa sweta.

Mwingine akasema kifuniko cha tangi. Tangi lisipopumua, kadiri mafuta yanavyotoka ndivyo ndani panavyojivuta, mwishowe pampu inashindwa kunyonya. Kukijua ni kazi nyepesi: gari ikizima tu, fungua kifuniko usikilize kama kitavuta pumzi. Chetu kilifunguka kimya. Na tulipopanda kikiwa kimelegezwa, matokeo yalikuwa yale yale, tukaongeza harufu tu.

Lililokuwa na nguvu zaidi ni hoja ya uchafu, kwa sababu lilikuwa na ushahidi. Tangi likiwa limejaa, gari inapanda mpaka Amani bila kigugumizi. Likifika nusu, vitimbi. Wote barazani wakakubaliana: uchafu umelala chini, mafuta yakipungua unavutwa. Tukatoa mafuta yote kupitia bomba la chini, tukayaweka kwenye mtungi wa kioo yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini na mstari unauona kwa macho. Kweli, palikuwa na maji kidogo na vumbi la kutu, jambo la kawaida kwa gari inayolala pwani na tangi nusu, maana hewa yetu ya chumvi haikosi unyevu wa kuacha jasho ndani ya bati. Tukasafisha, tukaweka filta mpya. Tukapanda. Ikazima.

Lakini ule ushahidi wa tangi kujaa haukuondoka, na mimi sikuutupa.

Pampu ya 404 ni ya kusukumwa na kamshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini, nayo imekaa ubavuni mwa injini ambayo Wafaransa waliilaza upande nyuzi 45. Kuipima hakuhitaji mashine. Tulichomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, tukamfukuza mgosi mmoja mwenye sigara, tukatoa mpira unaoingia kwenye kabureta na kuutumbukiza kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Fundi akapiga stata. Mafuta yalikuja kwa kusitasita, na povu. Halafu tukafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari kongwe alijue: tukaikata pampu na tangi lake. Tukachukua dumu dogo la petroli, tukaliweka karibu na injini, tukaunganisha mpira mfupi kutoka dumuni moja kwa moja mpaka pampuni, tukapiga stata ile ile. Chupa ikajaa kwa mapigo mazito, hakuna povu hata tone.

Pampu ni nzima. Kuanzia hapo nusu nzima ya gari ilikuwa haina kesi tena, na fundi mwenyewe aliweka bisibisi chini.

Povu ndilo lililonipeleka duka la dawa kununua mpira wa dripu. Ule mpira unaona ndani yake. Tuliufunga kati ya paipu ya chuma inayotoka nyuma na pampu, tukawasha injini, tukapandisha resi. Miaka mingi nimesimama kando ya vitanda nikitazama mpira kama huo, na kitu ambacho hutaki kukiona ndani yake ndicho hicho hicho: hewa. Mapovu yalikuwa yanapita kama shanga, moja nyuma ya lingine. (Mpira wa dripu ni wa kupimia tu. Petroli inaukausha ukawa mgumu kama kijiti, usithubutu kuuacha kwenye gari.) Tukauhamishia nyuma, pale mafuta yanapotoka tangini. Pale hapakuwa na povu. Basi hewa ilikuwa inaingia katikati.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, kwa kuwa hukagua gari kwa kutafuta tone. Wanalala chini, wanapapasa, pakavu, wanainuka na kusema paipu ni nzima. Ukweli ni kwamba paipu iliyo mbele ya pampu inasukumwa, ikitoboka itadondosha na utanusa. Paipu iliyo nyuma ya pampu inanyonywa. Ikitoboka haidondoshi, inavuta hewa. Unaweza kulala chini yake mpaka Magharibi usione tone.

Nyuma kabisa, karibu na ekseli, paipu ya chuma inaungana na kipande cha mpira chenye urefu wa kiganja. Mtu, zamani sana, alikuwa ameweka mpira wa maji na kuufunga kwa waya wa kufungia chuma cha ujenzi. Mpira ulikuwa umekauka, na chini ya waya palikuwa na mpasuko ambao ungeuona tu ukiukunja. Na ule ushahidi wa tangi ukapata maelezo: tangi likiwa limejaa, mafuta yaliyo juu ya kiungo yanakisukuma kwa uzito wake, hewa haina nafasi. Likishuka, mvuto wa pampu unashinda na mpasuko unaanza kuvuta. Hata ile harufu ya petroli asubuhi nilipolaza gari imejaa, ambayo nilidhani ya jirani mwenye jenereta, ilikuwa yetu.

Tuliweka mpira wa mafuta wenyewe, ule wenye nyuzi ndani, na klipu za skrubu. Tukabadilisha na ule wa mbele ya pampu, kwa kuwa ulikuwa wa umri huo huo.

Kabla ya hapo kuna aliyekuwa ameshanishawishi ninunue pampu ya umeme ya gari za siku hizi. Pampu za injini za injeksheni, zile zinazopuliziwa mafuta bila kabureta, husukuma kwa presha ya takriban baa 3. Kabureta inataka kama sehemu moja ya kumi na tano ya hizo. Sindano ya bakuli haiwezi kuzuia nguvu hiyo, mafuta yangemwagika juu ya injini ya moto. Baba alipenda kutaja kwamba Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda mbio za magari za Safari za mwaka 1966 na 1967 kwa 404. Ni kweli, lakini ile ilikuwa 404 ya injeksheni. Yetu ni ya kabureta, na wala haina haraka.

Jambo moja nasema kama nesi. Wakati tunatoa mafuta tangini, kijana wa fundi aliinama kunyonya mpira kwa mdomo. Nilimvuta shati. Petroli ikiteleza kwenye mapafu inaunguza, na homa ya mapafu ya aina hiyo huja saa kadhaa baadaye, mtu ameshajisifu kwamba hakudhurika. Na aliyemeza asitapishwe, kwa sababu ikirudi juu ndipo inapoingia mapafuni kirahisi. Apelekwe hospitali. Pampu ya mkono ya mpira, ile ya kufinya, inauzwa maduka ya spea.

Wiki iliyopita tulipanda Amani tangi likiwa chini ya robo. Gia ya pili, kona zote, mpaka juu. Geji ya mafuta ndiyo bado inasema limejaa siku zote, kwa hiyo napima kwa kijiti cha mwanzi. Fundi anasema tufungue dashibodi. Nimemwambia tuanze na waya wa tangini.