Jumapili ile Middlesbrough na simu ya bibi

Wadau, mnaniuliza kila siku Uingereza kukoje na haya maandamano ya kupinga wahamiaji, basi ngoja niwape ya Agosti 2024 maana yalinikuta hapahapa Middlesbrough, nafanya kazi ya kea, ile ya kuzunguka majumbani kuogesha wazee.

Chanzo mnakijua, 29 Julai watoto watatu wa kike walichomwa visu wakafa, mji wa Southport, wamekwenda zao darasa la dansi. Uchungu ulikuwa wa kweli, hata mi nililia. Ila polisi hawajataja jina, mitandaoni muuaji kashapewa jina la Kiislamu, kashaambiwa kaja na boti, na jina lenyewe la kutunga! Kesho yake jioni msikiti wa hukohuko Southport unapigwa mawe. 1 Agosti jaji akaruhusu jina litajwe, kumbe kijana kazaliwa hukuhuku, mji wa Cardiff, wazazi Wanyarwanda. Wala haikusaidia, hasira zilishapanda, na grupu letu la Wasap likawa kimya kama msibani, sababu siku zote hizo tulikuwa tunaomba asiwe Mwafrika.

Fujo zikasambaa miji mingine, Jumapili tarehe 4 ikawa zamu yetu Middlesbrough. Vijana wanasimamisha magari wanamuuliza dereva we mzungu? we Mwingereza? Mi niko kwa bibi mmoja namvalisha soksi, akanipa simu nimkuzie maandishi, macho yake mabovu. Kucheki ni posti ya Feisibuku, picha ya hoteli wanakokaa waomba hifadhi, inasema wafukuzwe, na yeye kashalaiki kashashea. Nikamkuzia. Akasoma taratibu, akaniangalia, akasema mwanangu leo utarudije kwako, huko nje kuna watu wabaya. Na anamaanisha bana! Akanilazimisha niondoke mapema hata chai sijamtengea.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Jumatano tarehe 7 ilizunguka orodha ya ofisi za wanasheria wa uhamiaji eti zitavamiwa usiku, watu wakaongezea na vya kwao, voisi za kulia, mara fulani kachomwa kisu, na mi bila kusoma vizuri nikafowadi mpaka Tanga kwa dada. Usiku wenyewe kule Walthamstow, London, barabara ilijaa maelfu ya watu waliokuja kupinga ubaguzi. Nikamtumia dada video, hakuamini, akasema hao si ndo wenyewe wafanya fujo? Mpaka leo akipiga, kabla ya salamu anauliza, wapo hapo nje?