Hifadhi bila simba, na filamu moja ya mwaka 1997

Kama unafanya kazi ya utalii hapa Arusha, tafuta Fierce Creatures. Ni kundi lilelile la waigizaji wa filamu ya A Fish Called Wanda: John Cleese, Michael Palin, Kevin Kline na Jamie Lee Curtis. Bustani ya wanyama huko Uingereza imeangukia mikononi mwa tajiri anayetaka kila biashara yake imletee faida ya asilimia 20. Meneja mpya, Cleese, anapiga hesabu zake: watu hulipa kiingilio ili waone hatari. Basi wabaki wakali tu, wapole watolewe.

Wahudumu hawakubali. Wanaanza kuapa kwamba kila mnyama wao ni muuaji. Mmoja anamweleza bosi, uso mkavu kabisa, kwamba wale nguchiro wadogo wanaosimama kwa miguu ya nyuma ni piranha wa jangwani, yaani kama wale samaki wakali wenye meno makali. Hapo nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Bosi anashikilia msimamo, nao wanamletea wanyama watano wanaopendeza kuliko wote, awaue mwenyewe. Bunduki inalia. Kumbe kawaficha kwake! Tangu hapo nikampenda yule mtu.

Nusu ya pili imelegea. Mwisho wake ulipigwa upya na mwongozaji mwingine, Fred Schepisi, baada ya Robert Young, na kiungo kinaonekana. Lakini kile kipande cha mtoto wa tajiri kubandika matangazo kila kona ya bustani kinauma, maana ndivyo mahali panavyofanywa panapoonekana hapalipi.

Mimi huwapeleka wageni Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Tukishakata kona ya Usa River, swali huwa lile lile: simba wapo? Hawapo. Ndiyo maana kampuni nyingi zinaipita mbio kwenda Ngorongoro na Serengeti, au zinaiweka siku ya kwanza ili mgeni apumzikie safari ya ndege. Inaniumiza. Hapa unashuka kwenye gari na kutembea na askari wa hifadhi, nyati wakiwa mbele yenu na Meru juu, mita 4,500 na ushee.

Halafu kuna mbega. Mwambie mgeni amtazame mkono: vidole vinne, na penye dole gumba pana kinundu tu. Kwa mkono huo anaruka toka mti hadi mti, manyoya meupe yakimpepea mabegani. Nimeona watu wazima wakisahau kamera shingoni.

Mwaka 2005 wanasayansi walimpa lemuri mmoja wa Madagascar, mnyama jamii ya kima, jina la Cleese, Avahi cleesei, kwa jinsi alivyowapigania wanyama hao. Naye si mkali, anakula majani.

Msimu ukifunguka Juni, maelezo yangu yataanza na ule mkono wa mbega, tukiwa bado barabarani, kabla mtu hajauliza simba.