Waya wa mita 28, na sasa nyumba imetulia

Kwa karibu miaka miwili, neno lililokua linasikika zaidi kwa nyumba yetu hapa Mamboleo kuanzia saa moja jioni ni "net imeenda". Mama watoto yuko jikoni anaongea na mamake kwa video, picha inaganda, "Baba watoto, net imeenda tena". Mdogo wangu anasoma Maseno na analala kile chumba cha nje, yeye alikua anatoka na laptopu mkononi anakuja kusimama kwa korido ndio amalizie klasi, na mbu za Kisumu mnazijua. Mimi nafanyia kazi chumba cha nyuma na kila mkutano nilikua nazima kamera kwanza ndio sauti ipite.

Nikafanya kile wengi wetu hufanya, nikaongeza pakeji. Nikatoka megabiti 20 nikaingia 60, pesa inatoka zaidi kila mwezi, na kule chumba cha nyuma spidi ikabaki 3, siku nzuri 4. Hapo ndo niliamua hii kitu nitaielewa mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi nikachukua waya mfupi nikachomeka laptopu moja kwa moja kwa rauta. Nikapima: 57. Nikachomoa, nikapima kwa waifai nikiwa kwa kochi: 24. Nikaingia chumba cha nyuma: 3. Yaani ile spidi nalipia ilikua inafika nyumbani kwangu vizuri kabisa kila siku, halafu inamwagika ndani ya nyumba. Hicho ndicho kitu ningetamani kila mtu apime kabla ya kupigia kampuni simu au kuongeza pakeji, ni dakika kumi tu na waya mmoja.

Sasa angalia rauta ilikua wapi. Nyuma ya TV, kwa kona, imefunikwa na kitambaa ambacho mama alitushonea tukihamia hapa. Kitambaa chenyewe hakizuii mawimbi, kinafungia tu joto, lakini TV ina bati kwa mgongo na hio inazuia kweli. Kutoka hapo mawimbi yapite ukuta wa mawe, yapitie friji, ukuta mwingine wa mawe, na ukitaka kufika chumba cha nje kuna mlango wa chuma. Hata ingekua rauta ya bei gani.

Na hio rauta ilikua ya zamani, inarusha kwa bendi ya gigahazi 2.4 pekee. Nikaweka programu ya kuangalia waifai kwa simu nikahesabu netiweki 14 za majirani, karibu zote ziko hapo hapo na yangu. Hii sehemu ilinifurahisha sana kuielewa. Waifai ni kama baraza la chifu, anaongea mtu mmoja kwa wakati, wengine wanangoja. Kila bendi imegawanywa chaneli, na walio kwa chaneli moja na wewe mnasikizana na mnapeana nafasi, polepole lakini inaenda. Mbaya ni yule amekaa katikati, chaneli 3 au 8, yeye hasikizani na upande wowote, ni kelele tu anawapigia wote. Ndio maana kwa 2.4 watu huambiwa watumie 1, 6 au 11, hizo tatu ndizo haziingiliani. Bendi ya gigahazi 5 ina nafasi nyingi zaidi na ni ya mbio, lakini ukuta wa mawe unaichosha haraka.

Nikaenda tao, Oginga Odinga, nikanunua rauta imeandikwa Wi-Fi 6, ina bendi zote mbili, chini ya elfu nane. Waya ndio ulinisumbua. Duka la kwanza waliniuzia waya wa netiweki umeandikwa Cat6, nikafika nyumbani nikakwaruza na kisu, ndani nyeupe. Ni aluminiamu imepakwa shaba juu, ukiikunja mara mbili tatu inakatika na kwa umbali inapoteza nguvu. Nikairudisha. Tafadhali kwaruza ukiwa bado dukani, shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani.

Wikendi iliyofuata tukapanda kwa dari mimi na mdogo wangu. Waya mmoja ukatoka kwa kisanduku cha faiba sebuleni mpaka katikati ya korido, na rauta mpya tukaifunga hapo juu ukutani, wazi, bila kitu mbele yake. Wa pili, ndio huo wa mita 28, ukatoka korido ukapita dari, ukashuka ukaingia kwa paipu chini ya udongo mpaka chumba chake. Anasoma rangi za zile nyaya nane za ndani, mimi napanga: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Unakata sawasawa, unasukuma ndani ya kichwa cha plastiki mpaka mwisho, unabana. Testa ya waya ikawaka 1, 2, 3, 4, ikaruka 5. Tukakata tukarudia, kwa sababu megabiti 100 hutumia nyaya nne tu lakini gigabiti inataka zote nane, na sikutaka kupanda kwa dari tena mwaka ujao. Mara ya pili taa zote nane zikafuatana. Aki hio furaha sijui niieleze vipi, nilimwita mama watoto aje aone.

Rauta ya zamani hatukuitupa, ndio iko chumba cha nje sasa, inarusha waifai pekee. Hapo usiku wa kwanza nilikosea: niliacha zote mbili zinagawia simu na laptopu anwani za netiweki, na zote zinajiita 192.168.1.1, simu zingine zinapata net zingine hazipati na hakuna anayejua kwa nini. Dawa ni kuzima DHCP, ndio hugawa anwani, kwa ile ya zamani, kuibadilisha anwani iwe 192.168.1.2, na kuchomeka waya kwa tundu la LAN, la vifaa vya ndani, sio la WAN, la kuingiza net. Nikaiweka chaneli 11, mpya iko 1.

Mvua za huku na radi nazo lazima ufikirie. Faiba ni kioo, haibebi umeme, radi huingia na stima, ama na waya wa shaba unaotoka nje kama huu wetu, kwa hivyo wingu likikaza kule ziwani mdogo wangu anachomoa upande wake. Halafu nikaongeza ile yu-pi-esi ndogo ya volti 12, betri ya kushikilia net stima ikipotea, soma kwanza adapta ya rauta yako inasema volti ngapi maana zingine ni 9.

Chumba cha nyuma leo ni 55 kwa waifai. Jumanne stima ilipotea saa mbili usiku, estate yote giza. Nikakaa nikangoja nisikie ile sauti kutoka jikoni. Nikasikia mama mkwe anacheka kwa simu, anauliza mbona kumekua giza huko kwenu, na mama watoto anamwambia ni stima tu mama, endelea.

Sasa imebaki waya wa kufika geti, ni mita 22, paipu nimeshanunua.