Histamini na saa za samaki: kutoka mwaloni hadi kiporo

Vuli ikishakolea, dagaa wanaoanikwa kandokando ya Ziwa Victoria hawakauki kwa siku moja. Wanalowa, wanafunikwa turubai, wanaanikwa tena, na siku ya tatu wanaingia guniani wakiwa na rangi ya manjano na harufu inayopanda puani. Kwa mlaji wa kawaida hilo ni suala la ladha na bei. Kwa mtu ambaye mwili wake hauvumilii histamini, kemikali inayojijenga kwenye vyakula kama samaki na kuleta dalili zinazofanana na za mzio, siku hizo mbili za ziada zinaweza kumaanisha usiku mzima wa kujikuna, uso kuwaka na kichwa kugonga. Kwa hiyo msimu huu nimeona niandike kuhusu saa. Majina ya vyakula yana nafasi yake, lakini huku kwetu saa zina uzito zaidi.

Samaki aliye hai hana histamini ya kumsumbua mtu. Hutengenezwa akishakufa. Nyama yake ina histidini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na bakteria waliomo matumboni na kwenye mashavu wana kimeng'enya cha kuigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Joto la nyuzi 20 hadi 30 linawafaa sana, na hilo ndilo joto la mchana wa Mwanza, tena ndilo joto la maji ya ziwa lenyewe. Chini ya nyuzi 4 kasi yao hushuka mno. Ugumu ni kwamba histamini ikishatengenezwa haiondoki. Kukaanga, kubanika, kugandisha au kufungia koponi kunaweza kuwaua bakteria au kuwazubaisha, ila walichokwisha kutengeneza kinabaki palepale. Wala hakina harufu ya kukuonya: samaki anaweza kuwa bado hajanuka na kiwango kimeshapanda.

Upande wa mwili, kuna kimeng'enya kwenye utumbo mdogo kinachoitwa kwa kifupi DAO. Kazi yake ni kuvunja histamini ya chakula kabla haijaingia kwenye damu. Ni kama mtu anayefua maji kwenye mtumbwi unaovuja: maji yakiingia polepole anayamudu, yakiingia kwa kasi mtumbwi unajaa hata kama yeye hajalegea. Kuna ambao DAO yao ni kidogo tangu kuzaliwa, kuna ambao utumbo umeumia kwa ugonjwa, na kuna ambao wanakunywa kitu kinachoizuia. Ndiyo sababu mtu huyohuyo anakula sangara Jumanne bila shida, halafu Ijumaa anakula sangara na bia mbili na mwili unawaka.

Namba mbili zinasaidia kufikiri. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikadiria kwamba miligramu 50 kwa mlo mmoja hazimletei dalili mtu mwenye afya. Kwa asiyevumilia, kiwango salama ni kile ambacho kipimo hakikioni. Na kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, zinaruhusu hadi miligramu 200 kwa kilo kwenye samaki wa jamii zenye hatari. Piga hesabu: robo kilo ya samaki huyo ni miligramu 50 kamili. Yaani samaki aliyepita ukaguzi kihalali bado anaweza kukulaza.

Kabla ya kuilaumu histamini, ondoa yaliyo karibu zaidi. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo kimejaa, nacho huleta maumivu ya tumbo, kuhara, na maambukizi mapya yanaweza kuleta vipele vya kuwasha; minyoo nayo hivyohivyo. Pima choo kwanza. Ikiwa wote mliokula sahani moja mmewaka uso ndani ya saa moja au mbili, hiyo ni sumu ya samaki aliyeharibika, si hali yako peke yako. Ikiwa kipande kidogo tu cha samaki, hata aliyevuliwa muda huohuo, kinakuvimbisha midomo, huo ni mzio wa kweli na unahitaji daktari. Ulimi au koo likivimba, au pumzi ikibana, usisubiri kuona kama itapita: nenda hospitali papo hapo. Pia fahamu kwamba hakuna kipimo cha damu kinachotegemewa kuthibitisha hali hii. DAO hupimwa katika baadhi ya maabara, lakini matokeo hayalingani vizuri na dalili za watu, na wataalamu wenyewe wanabishana hali hii ni kubwa kiasi gani. Njia inayobaki ni kuondoa vyakula kwa muda, kisha kuvirudisha kimojakimoja.

Orodha nyingi za vyakula vya kuepuka zinazosambazwa zimetungwa Ulaya. Zinakataza jibini la kukomaa, soseji kavu, mvinyo mwekundu na kabichi ya kuchachusha. Mama wa Igogo, hapa Mwanza, akiisoma ataona yuko salama, na jioni atapika kayabo, samaki wa chumvi aliyekaushwa. Orodha hizo pia zinakataza spinachi, na watu wakaacha mchicha, ambao ni mmea mwingine. Sipendi watu wanyimwe mboga ya bei nafuu kwa sababu ya orodha iliyotungwa kwa ajili ya jiko la mbali.

Tuje kwenye samaki wenyewe. Habari njema ni kwamba sato ni samaki wa nyama nyeupe, mwenye histidini kidogo kuliko jodari na vibua wa baharini. Akipikwa akiwa freshi kweli, wengi wenye hali hii humvumilia. Swali ni alikufa lini. Nyavu za makila hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, kwa hiyo samaki aliyenasa saa mbili usiku ameshalala kwenye maji ya uvuguvugu saa nyingi kabla hajafika mwaloni, ufukweni ambako samaki hushushwa na kuuzwa. Wa ndoano mara nyingi hutolewa akiwa hai. Wa kizimba, anayefugwa ndani ya ziwa, ndiye bora kwa kazi hii, kwa kuwa unaweza kumuona akitolewa majini na saa unaijua. Muulize muuzaji maswali mawili: wa nyavu au wa ndoano, na ameingia barafuni saa ngapi? Akisita, nunua kuku.

Macho yawe yamevimba na maangavu, mashavu mekundu, nyama ikibonyezwa inarudi. Dalili hizo hukusaidia kumkataa aliyeharibika. Hazithibitishi kwamba histamini haipo. Ondoa matumbo na mashavu palepale sokoni, maana ndiko bakteria wanakoishi, kisha muoshe kwa maji safi. Beba deli lenye barafu: kwa joto letu kilo moja ya samaki inahitaji kilo moja ya barafu, ikiwa imepangwa chini, katikati na juu, na maji yanayoyeyuka yawe na pa kutokea. Barafu mbili za pakiti juu ya ndoo ya samaki zinampoza wa juu tu. Mfuko mweusi kwenye bodaboda saa saba mchana ndiyo njia rahisi ya kumharibu sato mzuri.

Nyumbani, pika mara moja au gandisha mara moja. Usimuweke kwenye friji ukisema utampika kesho. Kata vipande vya mlo mmoja, vifunge bapa ili vigande haraka, na andika tarehe. Kuyeyusha juu ya meza kunamrudisha kwenye joto la bakteria, tena kimeng'enya walichokwisha kutoa huendelea na kazi hata wao wakiwa wamekufa. Tia sufuriani akiwa bado ameganda, au myeyushe chini kabisa ndani ya friji. Umeme ukikatika, friza iliyojaa isiyofunguliwa hushikilia baridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, friji ya kawaida saa 4. Zikikaribia kwisha, chakula hicho walishe wengine mapema kikiwa bado kizuri kwao; wewe usikiguse.

Samaki wa beseni wa jioni, yule aliyekwisha kukaangwa, ni wa kuepuka. Biashara ya kawaida ni kwamba asiyeuzika mchana hukaangwa ili asioze. Si udanganyifu, ila saa zake huzijui. Kayabo hukaa siku kadhaa kwenye chumvi na jua kabla hajakauka, na samaki wa kopo, hasa jodari na sadini, naye aache katika wiki za mwanzo. Supu ya mifupa iliyochemka kutwa nayo ina matatizo yake, kwa kuwa histamini huyeyuka majini: ikiwemo kwenye nyama, sehemu inaishia kwenye supu. Kwa sababu hiyohiyo, kuchemsha na kumwaga maji hupunguza kiasi, lakini usiitegemee njia hiyo kwa samaki usiyemjua.

Nyama ya ng'ombe ifuate kanuni hiyohiyo. Nunua asubuhi, iliyochinjwa usiku wa kuamkia siku hiyo, ya kipande wala si ya kusaga, maana kusaga kunaeneza bakteria kila mahali. Kuku wa kienyeji aliyechinjwa nyumbani na kupikwa ndani ya saa moja hana mpinzani.

Kiporo kinahitaji neno lake. Mchuzi wa samaki au nyama uliolala sufuriani hadi asubuhi ni sumu kwa mtu huyu hata ukichemshwa nusu saa. Kama umepika mwingi, gawa na gandisha ndani ya nusu saa baada ya kula. Wali uliolala una hatari ya bakteria wengine, lakini si wa histamini sana, kwani wali hauna protini nyingi. Mantiki hiyohiyo inawaokoa wapenzi wa udaga: ingawa umechachushwa, muhogo una protini kidogo mno, hivyo malighafi ya histamini ni haba. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, pia sioni sababu ya kuviogopa.

Nyanya nayo imo kwenye orodha za kuepuka, lakini mchuzi bila nyanya unawatisha watu kuliko inavyostahili. Kwa sato mmoja wa gramu 600: kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, tia karoti mbili zilizokunwa na gramu 200 za boga lililokatwa vipande vidogo, tangawizi, bizari na chumvi. Boga likilainika liponde kwa mwiko, mimina kikombe kimoja cha tui la nazi, kisha weka samaki na ufunike dakika 12 hadi 15. Unapata uzito na rangi. Uchachu utaukosa, na ndimu isirudi haraka, kwa sababu matunda ya jamii hiyo yana putresini, kemikali ya jamii moja na histamini, ambayo hugombea DAO ileile. Kando weka matembele, ugali wa mahindi, wali au viazi vitamu. Bilinganya, parachichi na maziwa mgando yakae pembeni kwanza. Maziwa freshi yaliyochemshwa kwa kawaida hayana neno.

Pombe, iwe bia, mvinyo au ya kienyeji, huzuia DAO. Iache kabisa wakati wa majaribio, la sivyo hutajua ulichopima. Baadhi ya dawa nazo huizuia: verapamili, metoklopramidi, amoksilini yenye klavulaniki, na ile ambayo huku kwetu ina maana zaidi, isoniazidi ya kifua kikuu. Watu wanaoinywa wamewahi kuwaka uso na kupata moyo kwenda mbio baada ya kula samaki ambaye wenzao walimla salama. Usiache dozi hata siku moja kwa sababu hiyo. Badili samaki, na mwambie mhudumu wa kliniki. Vidonge vya DAO vinavyouzwa mitandaoni vingi hutengenezwa kwa figo za nguruwe, ushahidi wake ni mdogo na bei yake si ndogo.

Awamu ya kuondoa ichukue wiki mbili hadi nne, isizidi. Ikiwa hakuna nafuu yoyote kufikia wiki ya nne, histamini si tatizo lako. Rudi kula na utafute sababu nyingine. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasifanye hivi bila mtaalamu wa lishe, kwani dagaa huwapa protini na kalsiamu ambayo si rahisi kuifidia kwa bei hiyo. Piritoni na dawa nyingine za aleji huficha dalili, kwa hiyo kama unazinywa kwa hiari yako, andika siku ulizozinywa. Daftari liwe na safu hizi: saa ya kula, chakula, saa zilizopita tangu kivuliwe au kichinjwe au kipikwe, pombe na dawa, siku za hedhi, usingizi, dalili na saa ilipoanza. Safu ya tatu ndiyo watu husahau, na bila hiyo utaandika "sangara: mbaya" wakati tatizo lilikuwa sangara wa juzi.

Kurudisha, anza na vile ambavyo ushahidi dhidi yake ni dhaifu na hasara ya kuvikosa ni kubwa: mchicha kama uliuacha, karanga, ndimu, nyanya freshi iliyopikwa siku hiyo. Kijiko kimoja cha chakula siku ya kwanza, nusu ya mlo wa kawaida siku tatu baadaye, mlo kamili siku tatu baada ya hapo. Usichanganye viwili. Kikikataa, subiri dalili ziishe kabisa ndipo ujaribu kingine. Maharage na maziwa mgando yafuate.

Dagaa wawe wa mwisho, na usubiri jua la kiangazi. Chagua walioanikwa kwenye chanja na kukauka siku hiyohiyo: wanang'aa rangi ya fedha, wanavunjika kwa mlio, hawajanata wala hawana umanjano. Toa vichwa na matumbo, loweka kwenye maji ya moto dakika 10, mwaga, chemsha kidogo, mwaga tena, kisha kaanga. Anza na watano. Wakikubali, nunua wa kutosha kutoka kwa muuzaji yuleyule kabla mvua hazijarudi, uwafunge wakavu kwenye mfuko usiopitisha hewa, na uwaweke friza.