Nilivyofanikiwa kuonja Tondonia Gran Reserva ya 1994 kule Haro

Naishi Bilbao, Hispania, na waini nyekundu niliyokua naitamani kuliko zote ni Viña Tondonia Gran Reserva ya familia ya López de Heredia, pale Haro, La Rioja. Kuipata sio rahisi, wanaitengeneza tu miaka ambayo zabibu zimekubali kwelikweli, alafu inalala kwenye mapipa miaka kama 10 na chupani tena miaka mingine kabla haijauzwa. Nikawaandikia imeili miezi miwili kabla, nikasema nataka kuonja ya zamani na nitalipia, wakanijibu njoo.

Siku yenyewe sikupaka pafyumu kabisa na nikala vizuri asubuhi, hivyo viwili usivipuuze. Nikapanda basi mpaka Haro.

Wapo hapo tangu 1877, enzi ambazo mdudu filoksera alikua anamaliza mizabibu ya Ufaransa na wafanyabiashara wa kule wakawa wanakuja Haro kutafuta waini, ndo maana nyumba za waini zimejazana karibu na stesheni ya treni. Dada aliyetutembeza akatushusha kwenye mahandaki, jamani, kule kuna baridi, ukungu umefunika ukuta wote na utando wa buibui unaning'inia kama mapazia na hawautoi, kwa sababu buibui wanakula nondo wanaotoboa vizibo vya chupa. Mapipa wanaunda wenyewe, wana mafundi wao hapohapo, na waini wanaisafisha kwa ute wa mayai mabichi. Mimi hapo nilisimama muda mrefu, nimezoea kuona matangi ya chuma tu.

Ikaja glasi ya 1994. Rangi imeshafifia, inaelekea kwenye tofali, pembeni kama chai ya rangi. Nikanywa funda la kwanza nikaona mbona nyepesi na ina uchachu, mdomo wangu ulilelewa na waini tamu za Dodoma, moyo ukaanza kuniuma kwamba nimesubiri yote haya kwa hiki. Dada akaniambia usiinywe, iache, na usiizungushe kwa nguvu maana waini ya umri huu inachoka haraka. Nikaiacha dakika kama 20 hivi, nikarudi nikainusa, ikawa kitu kingine kabisa: tende, ngozi, ganda la chungwa lililokauka, karafuu kwa mbali, na ule uchachu sasa ndo unaibeba ladha mpaka nimeshameza na bado ipo. Humo ndani zabibu aina ya Tempranillo ndo nyingi, wanaongezea aina nyingine, Garnacho, Graciano na Mazuelo kidogo.

Glasi moja nimeinywa karibu saa nzima, kidogokidogo, na kila funda lilikua tofauti na lililopita. Nikaondoka na chupa moja ya Reserva, daraja la chini ya Gran Reserva, hiyo bei yake inabebeka, na nyumbani nikaifungua mapema kabla hata sijabandika nyama jikoni.