Lengo langu la "kuboresha huduma"

Mwaka juzi kwenye fomu ya malengo niliandika "kuboresha huduma kwa wateja", basi, bosi akasaini, na mi nikasaini, fomu ikalala kwenye faili mpaka Desemba siku ya tathmini ananiuliza enhee umeboresha nini, nikabaki natoa macho kama mjusi kabanwa na mlango.

Na sio uvivu jamani, nilikuwa napiga kazi mpaka saa mbili usiku, ila hakukuwa na kitu cha kupimia. Kumbe George Doran, mshauri wa mambo ya uongozi wa makampuni kule Marekani, alishayasema haya tangu 1981, lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu wa kulibeba, liwezekane na liwe na muda. Siku hizi wengi hiyo ya mtu wa kulibeba wameitoa wakaweka "lifikike", mi naona hapo ndo walipoharibu, maana lengo la wote ni lengo la nani?

Mwaka huu nimeandika moja tu: kila ankara itoke ndani ya siku 2 tangu mteja apokee mzigo, mhusika mimi, kuanzia mwezi wa tatu. Wiki ya kwanza nikahesabu ankara 19, zilizochelewa 11, aibu tupu, halafu nikagundua karibu zote zilikuwa zinasubiri sahihi ya jamaa wa stoo ambaye saa tisa kashatoka. Sasa hivi makaratasi nampelekea saa saba mchana, Ijumaa na soda juu.