Kiti changu kilipimwa kama kanzu

Kiti changu cha kwanza cha magurudumu kilikuwa cha msaada. Kilitolewa mkutanoni, picha zikapigwa, na nilishukuru kwa dhati maana tangu nianguke mnazini na kuumia uti wa mgongo nilikuwa mtu wa kitandani tu. Kilikuwa kile cha hospitali, cha kukunja, chenye vigurudumu vidogo mbele. Kwenye sakafu ya saruji hakina neno. Kwetu Likoni, Mombasa, ukishuka barazani tu ni mchanga. Vigurudumu vinazama, na ukijikaza kusukuma unaweza kwenda chini kifudifudi. Tena kilinipwaya, nikawa nakaa upande upande. Mto hakikuwa nao kabisa. Asiyehisi makalio akishinda juu ya turubai hupata kidonda bila habari, na kidonda cha kukalia humrudisha mtu kitandani wiki nyingi. Picha, hata hivyo, zilitoka nzuri.

Kiti cha pili nilikitafuta kwa njia ya serikali, na hapa Kenya njia hiyo inaanzia kwenye kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Madaktari wa hospitali ya serikali wanakupima ulemavu na kujaza ripoti, kisha unasajiliwa. Siku hizi maombi yanapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na asiyejua simu anasaidiwa na afisa wa Baraza wa kaunti. Walioajiriwa huifuata kadi hii kwa ajili ya msamaha wa kodi. Sisi tusio na mshahara tunaufuata Mfuko wa Maendeleo wa Kitaifa kwa Watu Wenye Ulemavu, uliowekwa na sheria ya mwaka 2003. Mfuko huu hugharamia vifaa saidizi: viti vya magurudumu, magongo, miguu ya bandia, fimbo nyeupe, vifaa vya kusikia. Nikiulizwa naomba nini, nilikuwa na jibu: Katiba ya 2010, ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake. Ukiyasema hayo kwa adabu, mazungumzo hubadilika.

Makaratasi sitayaeleza sana. Nakala ya kitambulisho, nakala ya kadi, picha ya mwili mzima, fomu, na barua ya mtaalamu wa tiba. Toa nakala za kila kitu, kwa sababu faili langu lilipotea ofisi fulani na nakala zangu ndizo zilizoniokoa.

Ile barua ya mtaalamu ndiyo yenye uzito. Watu wengi huandikiwa "anahitaji kiti cha magurudumu", basi. Mimi nilikutana na mama mmoja wa tiba ya viungo aliyeweka kalamu chini akaniambia, "Kaka, hebu nieleze siku yako, tangu alfajiri." Nikamweleza. Nashona nguo, kwa hiyo kiti lazima kiingie chini ya meza ya cherehani. Akaandika mikono ya kiti iwe ya kutoka. Napita mchangani, akaandika kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likae mbali na miguu, ambacho hakizami ovyo. Navuka feri kwenda kununua vitambaa mjini, na maji yakipwa ule mteremko wa kuingilia unakuwa mkali. Akaandika breki imara na vishikio vya nyuma. Akaongeza mto wa kuzuia vidonda. Barua ikajaa ukurasa.

Baada ya kuidhinishwa nilikwenda kupimwa. Mimi fundi, simkatii mtu kanzu kabla ya kumpitishia tepu, na nilifurahi kuona nao hawakisii. Upana wa nyonga. Urefu wa paja hadi nyuma ya goti, kisha wakapunguza sentimita chache ili ukingo wa kiti usikate mishipa. Kutoka goti hadi kisigino, kwa ajili ya vikanyagio. Kilipokuja walinikalisha, wakatia mkono chini ya makalio kuona mfupa unakandamizwa wapi, wakarekebisha. Wakanifundisha kuinama mbele na pembeni mara kwa mara ili damu ipite, na kujikagua kwa kioo kila usiku. Mfuko ulilipa sehemu kubwa. Mimi nilichangia kidogo kidogo, kwa mapatano na afisa wa ustawi wa jamii aliyekuja nyumbani kuona hali yangu.

Nyumbani hakuna mfuko uliogusa. Kizingiti changu ni sentimita 15, na kanuni ya mteremko wa kupandishia kiti ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, kwa hiyo shemeji alinijengea wa sentimita 180. Majirani waliona ni mrefu mno, wakashauri ukatwe nusu ili kuokoa saruji. Nilikataa, mteremko mfupi ungenifanya nihitaji mtu wa kunisukuma kila nikiingia kwangu. Seremala alinitengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo. Ukiniuliza kipi kimenipa uhuru zaidi, kile kiti cha magurudumu au hiki cha seremala, nitasita kujibu.

Sasa kikundi chetu kimeandika maombi ya vifaa vya kazi. Nimeomba cherehani yenye mota, maana ya kukanyaga siiwezi na ya kuzungusha kwa mkono inanila mkono mmoja ninaouhitaji kuongoza kitambaa. Kiti nacho kinadai matunzo, hasa beringi za magurudumu, kwa sababu ya chumvi na mchanga. Tairi likitoboka namwita fundi baiskeli wa stendi. Mpira wake ni uleule wa baiskeli, jambo nililouliza kabla sijatia sahihi.